Kilima Kilichokatwa Kiunoni

Paukwa!

— Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu au ya kuku walionyeshewa? Naanza upya, na safari hii atakayeitikia kwa uvivu atapukuchua gunia zima peke yake. Paukwa!

— Pakawa!

Kilima kipo?

— Kipo!

Kina juu?

— Kina juu!

Kina chini?

— Kina chini!

Kina kiuno?

— Kina kiuno!

Na kikikatwa kiuno?

Mmenyamaza kwa sababu hamjui. Basi pukuchueni mahindi, mikono isilale, na masikio mniletee mimi. Mkimwona mtu anasinzia, mtupieni gunzi.

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo pimbi alikuwa bado anasalimiana na watu, palikuwa na kilima cha mzee mmoja aliyeitwa Mwachia. Chini ya kilima ulipita mto. Ukitoka mtoni unafika kwenye tambarare yenye udongo mweusi. Ukiimaliza tambarare unakutana na jabali, linachomwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Ukilivuka jabali unaingia kwenye kikunjo cha kilima, penye kivuli na ukungu, mahali ambapo hata kiangazi majani yanadondosha maji. Ukitoka hapo unafika kileleni, kwenye baridi na upepo.

Mahali patano, kilima kimoja. Na kila mahali pana mimea yake ambayo jirani hana. Mtoni matete. Tambarare mnavu. Jabalini mshubiri. Kwenye ukungu kangaga. Kileleni mianzi. Nimetaja mmoja mmoja tu. Nikitaja yote, mahindi yataota kwenye magunzi kabla sijafika katikati.

Watu wa kilima kile walikuwa na desturi. Baba akifa, wanawe hawagawani kwa kukata kilima vipande kama mkate. Mkubwa anachukua kamba, anaifunga kwenye jiwe la kileleni, anateremka nayo mpaka majini. Kila mtoto anapata ukanda wake, mwembamba lakini mrefu, unaoanzia kwenye upepo na kuishia kwenye samaki. Hakuna aliyepata juu tupu, hakuna aliyepata chini tupu.

Mwachia alikuwa na wana watatu: Maghanga, Mwakai na Righa. Maghanga, mkubwa wao, alioa mke kutoka nyikani, na mke huyo ndiye nitakayemfuata mimi katika hadithi hii. Jina lake Mkawasi.

Mkawasi alikuwa mchapakazi, hilo nisimdhulumu. Lakini alizaliwa mahali ambapo kibuyu kikikuponyoka unakiokota palepale kilipoangukia. Alipoolewa kilimani, kibuyu chake cha kwanza kilimponyoka, akakifuata mpaka mtoni. Akakuta shamba aliloachiwa mumewe alime ni refu kama utumbo wa ng'ombe. Asubuhi yuko juu anapalilia maharage. Mchana yuko jabalini anaanika kunde. Jioni yuko chini kwenye magimbi. Miguu ilimuuma, magoti yalimuuma, kiuno kilimuuma.

"Hili si shamba," alikuwa akisema. "Hii ni adhabu, na mimi sijui nilimkosea nani."

Basi mzee Mwachia akafa. Wakamzika, wakamlilia, matanga yakaanuliwa. Ikabaki siku ya kamba.

Siku ya kwanza Mkawasi akamwambia mumewe, "Mume wangu, wewe ndiye mkubwa, kamba iko mkononi mwako. Chukua tambarare yote. Huko juu waachie wadogo zako wenye magoti mapya."

Maghanga akasema, "Haijawahi kufanyika."

Siku ya pili akamwambia maneno yaleyale. Maghanga akatoka nje, akaitazama tambarare.

Siku ya tatu akamwambia maneno yaleyale, na safari hii alikuwa amempikia kuku. Maghanga akasema, "Huenda."

Ninyi wanaume mliokaa hapo, msijifanye hamkusikia. Huenda ya mwanamume aliyeshiba ni ndiyo.

Siku ya kamba ilipofika, Maghanga hakupanda kileleni. Aliilaza kamba kwa upana, mara moja chini ya jabali, mara ya pili chini ya kilele. Akasema, "Chini ni kwangu. Katikati ni kwa Mwakai. Juu ni kwa Righa."

Mwakai akasema, "Kaka, sivyo. Kwangu hakuna hata tone la mto. Mke wangu atateka maji wapi?"

Maghanga akasema, "Mdogo hashiki kamba."

Mama yao, bibi Mshai, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni. Alisema neno moja tu. "Maghanga, kilima hakikatwi kiunoni."

"Mama, kamba imeshalala."

"Haya," akasema mama. "Imelala." Akashika kigoda, akasimama, akaenda zake.

Mkawasi alifurahi, na sioni sababu ya kuficha. Jembe lake lilizama kwenye udongo mweusi bila kugonga jiwe. Palipokuwa na kichuguu, wakakivunja. Palipokuwa na kijikorongo, wakakifukia. Vichaka vya mpakani wakavifyeka, na ardhi yote ikawa sawa, mtu anasimama ukingoni mwa mto anamwona kuku wa jirani yake. Wakapanda mtama kutoka ukingo hadi ukingo. Mtama ukakubali. Nisiwadanganye nikasema ulikataa. Ulikubali sana, na Mkawasi akalala usingizi wa mtu asiyeumwa magoti.

Huko juu mambo yalikuwa mengine. Mke wa Mwakai alishuka kuteka maji na kupanda nayo, kila siku, na ndoo yake ilifika nyumbani nusu. Righa alikuwa na kilele peke yake, hana pengine pa kulima, kwa hiyo akaanza kufyeka mianzi apande maharage. Akafyeka mwaka wa kwanza, akafyeka mwaka wa pili. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Tumbo halina subira.

Mwaka wa tatu Mkawasi akazaa. Alikuwa amemngoja mtoto huyo muda mrefu, mpaka watu walikuwa wameanza kumtazama tumboni kabla ya kumsalimia. Akazaa mtoto wa kike, mwenye vidole virefu na sauti ya kudai haki yake.

Sasa sikilizeni desturi ya pili. Mtoto wa kilimani hakupewa jina siku aliyozaliwa. Aliitwa Mgeni mpaka mwezi wake wa tatu. Katika mwezi huo mama yake alichuma majani matano kwa mkono wake mwenyewe, jani moja kutoka kila mahali pa kilima, mtoto akaogeshwa kwa majani hayo, na hapo ndipo akatajiwa jina. Majani yalitakiwa yawe mabichi, na yawe ya ardhi ya baba yake. Jani la kuomba halikukubaliwa. Mtoto aliyeogeshwa kwa majani ya kuomba angeomba maisha yake yote. Na mwezi wa tatu ukifa mtoto hana jina, basi yeye bado ni mgeni, na mgeni anaweza kuaga wakati wowote.

Mwezi wa tatu ulipofika nusu, bibi Mshai akaja kwa Mkawasi. "Mwanangu, wakati wa majani umefika. Yako wapi?"

Mkawasi akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akaingia shambani. Mtoni akakuta tete, akaliona jani la kwanza. Kwenye tambarare, pembeni mwa mtama, akakuta mnavu, akaliona jani la pili. Akatafuta la tatu. Akazunguka shamba mara moja, akakuta mtama na mnavu. Akazunguka mara ya pili, akakuta mtama na mnavu. Akazunguka mara ya tatu, na pale alipoanzia na pale alipoishia palikuwa vilevile. Palikuwa sawasawa, kama alivyopataka.

Akarudi akasema, "Mama, nimepata mawili."

"Na matatu?"

"Yako kwa shemeji zangu."

Bibi Mshai hakumwambia, "Nilisema." Mwanamke mwingine angesema. Mimi ningesema, tena mara mbili. Yeye alimtazama mtoto tu, na mtoto siku ile alikuwa ameacha kucheka.

Mkawasi akafikiri. Akasema moyoni, jani la kuomba ni marufuku, lakini mche si jani. Watu hupeana miche kila siku. Nikiung'oa mche na mizizi yake, nikaupanda kwangu, ukashika, basi jani lake ni la ardhi yangu. Ilikuwa akili nzuri, na mtu wa nyikani angeona imetosha.

Akaenda jabalini. Mwakai akamwambia, "Chimba, shemeji. Mshubiri umejaa." Akapiga magoti juu ya mawe ya moto, akaanza kuchokonoa mshubiri kwenye ufa. Pimbi alikuwa amekaa hapo juu anaota jua.

"Mama Mgeni, unachimba nini?"

"Nachimba jani la mwanangu."

"Likakae wapi?"

"Likakae kwangu, tambarare."

"Haya, beba," akasema pimbi. "Lakini jabali hukulibeba."

Mkawasi hakumjali. Mtu mwenye shida atasimama kubishana na pimbi? Akaupanda mshubiri kwenye udongo mweusi, akaumwagilia kwa upendo. Siku ya tatu ukawa laini. Siku ya tano ulinuka. Mizizi iliyozoea ufa mkavu ilikuwa imeoza ndani ya tope. Siku hiyo mtoto akaacha kulia.

Akaenda kwenye ukungu. Mwakai akamwambia, "Chimba, shemeji, mimi siwezi kukukatalia hilo." Akaingia kwenye kivuli, akachimba kangaga pamoja na bonge la udongo wenye maji. Kinyonga alikuwa juu ya tawi, mguu mmoja hewani.

"Mama Mgeni, unachimba nini?"

"Nachimba jani la mwanangu."

"Likakae wapi?"

"Likakae kwangu, tambarare."

"Haya, beba," akasema kinyonga. "Lakini ukungu hukuubeba."

Akalipanda kangaga, akalijengea kibanda cha majani ya migomba lisipigwe na jua. Akalinyunyizia maji asubuhi, mchana na jioni. Jua la tambarare halikuwa na mahali pa kujificha, likalikuta tu. Siku ya kwanza majani yalijikunja. Siku ya tatu yalikuwa rangi ya kahawia, ukiyashika yanavunjika. Siku hiyo mtoto akaanza kukataa ziwa. Ananyonya mara mbili, anageuza uso, anatazama kwingine.

Mkawasi akaogopa hapo, akaogopa hasa. Mwezi ulikuwa umeshapungua, umebaki kama ukucha uliokatwa.

Akapanda kileleni. Alikuwa hajafika huko tangu siku ya kamba. Alitazama huku, akaona maharage. Akatazama kule, akaona maharage. Mianzi iliyokuwa ikiimba mpaka chini mtoni haikuwepo. Kilibaki kichaka kimoja kando ya jiwe, mashina manne.

Righa akamwambia, "Chimba tu, shemeji. Chenyewe kinayatia kivuli maharage yangu."

Akainua jembe. Mwewe alikuwa juu ya jiwe.

"Mama Mgeni, unachimba nini?"

"Nachimba jani la mwanangu."

"Likakae wapi?"

"Likakae kwangu, tambarare."

"Hicho ndicho cha mwisho."

Neno hilo pimbi hakulisema, wala kinyonga. Mkawasi alisita, jembe likiwa juu. Alilisikia neno lile, msije mkasema hakulisikia. Lakini mgongoni mtoto alikuwa mwepesi kuliko jana, na mama mwenye mtoto mwepesi mgongoni hahesabu mashina. Akasema, "Mwanangu naye ndiye wa mwisho." Akachimba. Na kwa kuwa miche miwili ya kwanza ilimfia, safari hii hakutaka kuacha kitu. Alichimba kichaka kizima mpaka mzizi wa mwisho.

"Haya, beba," akasema mwewe. "Lakini upepo hukuubeba."

Akateremka nacho. Akakipanda. Joto la chini likakinyonya maji yote, na maji ya kopo hayakusaidia. Siku ya nne Mkawasi alishika jani, likabaki mkononi, kavu.

Akakaa chini, kwenye udongo wake mzuri usio na jiwe. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi ufe. Hapo ndipo alipoelewa kwamba alikuwa akiutafuta mmea, na alichokikosa ni mahali. Mmea ni mtoto wa mahali ulipo. Unaweza kumbeba mtoto, lakini mama yake huwezi kumkunja ukamtia kapuni.

Akaingia ndani kwa mumewe. "Maghanga, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuambia ulaze kamba vile. Nenda kwa ndugu zako, kamba irudishwe wima."

Maghanga alikuwa ananoa kisu cha kuvunia. "Mtama umeiva," akasema. "Kamba ikirudishwa leo, theluthi mbili ya mtama inasimama kwenye ardhi ya watu. Tuvune kwanza. Siku nane tu."

"Mwezi una siku mbili."

"Mke wangu, tumelima mwaka mzima."

"Mtama ukikosekana tutalala njaa, tutaamka," akasema Mkawasi. "Huyu akilala haamki." Akamfungua mtoto, akamlaza mapajani mwa baba yake.

Maghanga akamtazama mtoto. Akamshika kidole, na mtoto hakukishika kidole chake. Basi akakiweka kisu chini, akatoka nje, akakata jani la isale. Kwa watu wa kilima, anayekuja na isale mkononi hafukuzwi mlangoni, kwa sababu amekuja kusema amekosa.

Ndugu wakakutana chini ya jabali. Mwakai alilipokea isale, lakini moyo wake ulikuwa bado una donge.

"Kaka, mke wangu ana kovu begani la kubeba maji. Nilisema siku ile, ukaniambia mdogo hashiki kamba."

"Nilikosa," akasema Maghanga.

"Na mtama?"

"Uende na ardhi. Uliosimama kwako ni wako."

Righa akasema, "Mimi nakubali. Nimechoka kula maharage."

Mwakai akamgeukia Mkawasi. "Shemeji, kamba iliyolazwa vibaya hurudishwa kwa kuvutwa, kuanzia majini kwenda juu. Inapopita, ardhi iliyo nyuma yake ndiyo inakuwa yenu. Nasikia wewe ndiye uliyechoka na mlima. Ivute wewe."

"Nitaivuta," akasema Mkawasi.

Asubuhi ya siku ya mwisho akajifunga kamba kiunoni na mtoto mgongoni, akaingia mtoni mpaka magotini. Watu wote wa kilima walikuja kutazama, maana hata zamani watu walikuwa na muda wa kutazama shida za wenzao. Akachuma jani la tete. Akavuta.

Akavuka tambarare katikati ya mtama wake, mtama unamgonga usoni, na theluthi mbili yake haikuwa yake tena. Hakuutazama. Akachuma jani la mnavu. Akavuta.

Akapanda jabali. Jua lilikuwa kichwani, mawe yanachoma, kamba inamkata. Magoti yakamuuma, yakauma kweli, si kama yale ya zamani aliyokuwa akiyalalamikia. Akachuma jani la mshubiri, nene, lenye utomvu. Akavuta.

Akaingia kwenye ukungu. Aliteleza mara moja, akashika mzizi. Aliteleza mara ya pili, akashika jiwe. Aliteleza mara ya tatu, akalala kifudifudi ili asimwangukie mtoto, akanyanyuka na tope mpaka kwenye nyusi. Akachuma jani la kangaga. Akavuta.

Akafika kileleni jua likiwa limeinama. Njiani kote alikuwa akijipa moyo kwamba mwanzi ni mgumu kufa, huenda kilibaki kipande cha mzizi ardhini, huenda kimechipua. Akaenda moja kwa moja kando ya jiwe. Shimo lilikuwa wazi kama alivyoliacha. Akapiga magoti, akatia mkono ndani, akapapasa. Udongo ulikuwa mkavu. Hapakuwa na mzizi. Alikuwa amechimba vizuri mno.

Mkawasi akalia. Hakulia kwa kujificha, alilia kama anayeomboleza. Watu waliomfuata wakasimama mbali, kwenye maharage ya Righa.

Bibi Mshai akafika wa mwisho, na fimbo yake, anahema. Alikuwa na kibuyu cha maji. Akayamimina kwenye bakuli la mbao, akampokea mtoto. "Majani," akasema.

Mkawasi akatia jani la tete. Akatia la mnavu. Akatia la mshubiri. Akatia la kangaga.

"La tano," akasema bibi Mshai.

"Sina, mama."

"Nimeona huna. Tia mkono wako."

"Mkono mtupu?"

"Utie hivyohivyo ulivyo, na useme kwa nini ni mtupu. Sema kwa sauti. Maji hayasikii manong'ono."

Mkawasi akauchovya mkono mtupu kwenye maji. Akasema, mbele ya shemeji zake na wake zao na watu wote, "Hapa palikuwa na mwanzi. Righa aliufyeka kwa sababu ya njaa, na njaa nilimpa mimi. Kikabaki kichaka kimoja. Niliambiwa ni cha mwisho, nikakichimba. Kwa hiyo mkono wangu ni mtupu."

Bibi Mshai akaukamata ule mkono uliolowa, akampangusa nao mtoto uso, kifua na tumbo. Akamwinamia sikioni, akamtajia jina. Akamwita Wakesho.

Mtoto alifumbua macho. Hakucheka, mambo hayaendi upesi hivyo. Aligeuza uso, akalitafuta ziwa la mama yake, akalipata, akanyonya. Akanyonya mpaka jua likazama, na mama yake hakuinuka pale hata watu walipoanza kuteremka.

Tangu hapo kamba ya kilima kile haijalala tena kwa upana. Ndugu waligawana mtama, mwaka ule Mkawasi na Maghanga walikula nusu tumbo, na mwaka uliofuata walipanda juu, wakateremka chini, magoti yakauma kama ya watu wengine. Vichuguu vilirudi. Vijikorongo vilirudi, na mimea iliyokuwa na haya ikarudi nyuma yake. Mwanzi haukurudi. Righa aliacha kulima pale kando ya jiwe, akangoja miaka na miaka, hakikuota kitu.

Na mpaka leo ukoo ule ukimpa mtoto jina, mama anatia majani manne. Likifika la tano, anachovya mkono mtupu, anasema kwa sauti, "Hapa palikuwa na mwanzi." Watoto wanaouliza mwanzi ni nini, wanaelezwa. Hakuna anayeweza kuwaonyesha.

Basi mafunzo ni haya, na nayasema mwenyewe kwa sababu nikiwaachia ninyi mtaniambia hadithi ilikuwa ya pimbi. Ardhi yenye mabonde na mawe na kivuli na upepo ina watoto wengi, na ukiisawazisha ili jembe lako lipite, watoto hao hawana pa kulala. Usidharau mahali panapokuchosha miguu. Na cha mwisho ni cha mwisho, hata mikononi mwa mwenye shida.

Hadithi yangu imefika majini. Iliyo tamu gawaneni, tena muigawe wima, kila mtu apate kichwa na mkia. Iliyo chungu niachieni mimi, nimeshazoea. Na wewe uliyekaa nyuma hapo unajificha na kapu, usidhani sijaliona gunia lako. Wenzako wamemaliza, wewe umepukuchua juu tu, chini mahindi yote yana magunzi. Huo nao ni mgawo wa Maghanga. Anza upya.